Hatua Sitini na Nne

Mwaka wa tisini na nane, mafuriko yalipopungua, mama yangu mdogo alinijia Garsen kutoka Minjila, viatu mkononi, tope hadi magotini. Alitaka nimwandikie mipaka ya shamba lake. Mto ulikuwa umelilalia shamba hilo kwa miezi, na ulipoondoka uliacha mchanga uliofunika kila kitu: vigingi, matuta, migomba, hata njia. Jirani yake upande wa chini alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Kamati ya kijiji ilikuwa imepanga kupima upya mashamba yote ya ukingoni, na kila mwenye shamba alitakiwa aje na maelezo yake.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na riziki yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua na maombi kwa taipureta, kwenye baraza ya duka la nguo. Shule niliiachia darasa la saba. Kuchapa nilijifunza kutoka kitabu kisicho na jalada, kidole baada ya kidole, na tangu hapo niliamini kwamba jambo lolote likifuatwa kwa utaratibu halimshindi mtu.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Mteja anasema, mimi naandika kwa penseli kwenye daftari. Nikishauchapa ukurasa, naufuta kwa raba ili karatasi itumike tena. Mwaka ule daftari zilikuwa adimu kwa sababu malori hayakuwa yakifika.

Mama mdogo alisema kwa muda wa saa nzima, nami nikajaza kurasa nne. Alitaja kila mti, kila tuta na nani alilichimba. Kipimo kikubwa kilikuwa kimoja: kutoka kisiki cha mkuyu, ambacho peke yake kilibaki juu ya mchanga, ukifuata maji yanakoelekea, hatua kadhaa hadi mpaka wa shemeji yake.

"Hatua zangu, si zako," alisema. "Wewe unatembea kama korongo."

Alipomaliza alinyoosha miguu. "Kule kwenye mahema tulikokimbilia mafuriko nilikuwa nalihesabu shamba hili kila siku, nisije nikalisahau. Watu wakadhani naomba dua."

"Basi sasa pumzika, mama," nikamwambia. "Limeshaandikwa. Unaweza hata kulisahau."

Maneno hayo niliyatamka kwa furaha kabisa.

Taipureta yangu ilikuwa imeingia maji na herufi zake mbili zilikuwa zimeganda. Lakini katika ofisi moja ya mradi palikuwa na kompyuta, na karani wake, mwanamke mcheshi kutoka Mombasa, aliwahi kunifundisha kuitumia. Aliniita mwalimu ingawa sikufundisha popote. Siku moja kabla ya upimaji aliniruhusu nikae kwenye mashine asubuhi, jenereta ikiwa inafanya kazi.

Nilichapa ukurasa wa kwanza, nikaufuta kwenye daftari. Nikachapa wa pili, nikaufuta. Karani alipita nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Umesevu, mwalimu?"

"Bado sijamaliza."

"Si lazima umalize. Sevu tu."

Nilitikisa kichwa kwa adabu, nikaendelea. Nataka nieleze nilichokuwa nafikiri, maana haukuwa uzembe. Kwenye taipureta, karatasi hutolewa ukurasa ukishatimia. Ukiitoa katikati, huwezi kuirudisha sawasawa. Mistari hupanda na kushuka, na kazi yote huharibika. Nilidhani kusevu ni kuitoa karatasi. Maneno niliyaona mbele yangu, meusi na yaliyonyooka, na sikuwaza kwamba kitu kinachoonekana vizuri hivyo kinaweza kuwa hakipo.

Nilimaliza ukurasa wa tatu na kuufuta. Huo niliufuta kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeuandika nikikandamiza penseli. Nilikuwa nimeanza wa nne jenereta ilipokohoa mara mbili ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi.

"Dizeli imeisha," mtu alipaza sauti kutoka uani.

Karani aliniangalia usoni akaweka kikombe chini. "Usiniambie."

Dizeli ilipatikana alasiri. Aliiwasha mashine, akatafuta sehemu ambazo mimi sikujua kama zipo. Alinieleza kwamba mashine ingeweza kujiwekea nakala yenyewe kila baada ya dakika chache, ila mpango huo ulikuwa umezimwa kwa kuwa uliichelewesha. Mwishowe alipata faili lenye jina lisilosomeka. Lilipofunguka lilijaa vijisanduku na alama za ajabu, na katikati yake mistari mitano ya mwanzo: jina la mama mdogo, jina la kijiji, na maneno "Mimi ninayeeleza haya".

"Hayo ndiyo yaliyobaki, mwalimu," alisema. "Pole. Kamuulize tena huyo mama."

Hilo ndilo lililokuwa jambo la kufanya. Minjila si mbali. Badala yake nilikwenda nyumbani na daftari.

Penseli huacha njia kwenye karatasi kama ng'ombe wanavyoacha njia kwenye nyasi, hata wakishapita. Niliiinua kila karatasi dirishani ili jua la jioni liipige ubavuni, kisha nikapitisha penseli kwa ulalo, polepole, bila kukandamiza. Herufi zikatokea nyeupe ndani ya weusi. Nakiri nilifurahi. Neno kwa neno nililirudisha shamba la mama mdogo, nikaliandika safi kwa wino, hadi nikafika ukurasa wa tatu, kwenye kisiki cha mkuyu.

Pale raba ilikuwa imeila karatasi. Idadi ya hatua nilikuwa nimeiandika kwa tarakimu. Ya pili ilikuwa nne, wazi kabisa. Ya kwanza ilikuwa na tumbo chini, na juu yake karatasi ilikuwa imechubuka. Sita au nane. Niliigeuza kila upande mpaka jua likaisha. Kumbukumbu yangu haikunisaidia, kwa sababu nilipoandika sikusikiliza ili nikumbuke. Nikaandika 64, kwa kuwa tumbo peke yake ndilo nililoliona.

Asubuhi kamati ilikutana shambani. Mama mdogo alikuwa amefika mapema, amevaa leso mpya, na alisimama karibu nami kiasi cha kugusana mabega. Ningeweza kumnong'oneza. Niliona haya.

Nilisoma. Nilipofika kwenye kisiki nikasema hatua sitini na nne.

"Sitini na nne?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Shemeji yake akacheka. "Shemeji, kichwa chako kilikwenda na maji. Shukuru mwanao ana karatasi!"

"Kilichokwenda na maji ni meno yako," alimjibu, na watu wakacheka. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Lakini wewe umeandika. Basi nimekosea mimi."

Alitembea hatua hizo mwenyewe, akihesabu kwa sauti, na aliposema sitini na nne akasimama. Kigingi kikapigwa hapo. Yeye na shemeji yake wakatia kidole gumba kwenye karatasi yangu.

Mvua za msimu uliofuata zilipokatika, migomba ilichipuka kupitia mchanga ng'ambo ya kile kigingi, safu mbili zilizonyooka. Shemeji hakuwahi kupanda migomba.

Ndipo nilipokwenda kumweleza mama mdogo yote: mashine, raba, tarakimu. Alikuwa akipeta mchele, na hakuacha kupeta.

"Themanini na nne," alisema nilipomaliza. "Kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa nimesimama pale pale."

Nilikwenda kwa shemeji. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai, akasema karatasi ina kidole chake na cha shemeji yake, na aliyeisoma ni mimi. Kamati nayo ikasema hivyo hivyo.

Kila migomba ile ilipozaa, shemeji alimpelekea mama mdogo mkungu mmoja, naye aliupokea na kushukuru. Mara kadhaa nilikuta ndizi hizo kwake, akanipikia na nazi, nami nikala. Hakulitaja tena jambo lile. Ila tangu siku ya kigingi, akiulizwa jambo la zamani, la nani alizaliwa lini au nani alihama wapi, alikuwa akilijibu kisha akiongeza, "Lakini msinishike sana, mimi nasahau." Kabla ya karatasi yangu hakuwa akisema hivyo.