Bingwa wetu alinyamaza katikati ya fainali, wote wakasema kakimbia

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wenye bando na mnaodandia wifi ya ofisi.

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu. Juzi nimeona humu watu wanabishana eti urafiki wa mtandaoni ni wa kinafiki, mkono ukaanza kuniwasha. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe. Sitatia chumvi, na anayeniona mtunzi wa hadithi aje Mbinga nimpeleke mpaka kwenye lile jiwe.

Ni miaka ile makampuni ya simu yameshakuwa mengi, kila moja linapanda mnara wake, na simu zenye intaneti zimeshuka bei mpaka sisi wa mikoani tukazishika. Nilikuwa na duka la stationery Mbinga mjini, na bado ninalo. Photocopy, kuchapa barua, kulaminisha vyeti.

Msimu wa kahawa duka linachemka. Msimu ukiisha unaweza kukaa kutwa nzima hata mwanafunzi wa kununua penseli haji.

Ndipo nikaingia kwenye mchezo wa maneno.

Kwa msioujua: unapewa herufi saba, unapanga neno la Kiswahili kwenye ubao, mwenzako anaunganisha lake hapo hapo. Neno gumu lina pointi nyingi. Pembeni kuna sehemu ya kuchati, na huko ndiko utamu wote uliko.

Chumba chetu kilikuwa na watu wa kila kona. Dar, Tanga, Kigoma, Songea. Hakuna aliyejua jina halisi la mwenzake. Mimi nilijiita Ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani kwetu Umatengoni.

Admin tulimwita Katibu. Alikuwa anaishi Dodoma ila kwao ni Mkumbi, huku huku kwetu, na alituletea desturi moja ya shambani. Kwetu mkienda kumlimia jirani kwa kusaidiana, huondoki kimyakimya. Unasema unatua jembe, wenzako wanakuitikia, ndipo unakwenda zako.

Basi na chumbani ikawa hivyo. Anayetoka anaandika "natua jembe", waliobaki wanaandika "limepokelewa".

Hata mkigombana. Nimewahi kuona mtu katukanwa mpaka ukoo wake, akaandika natua jembe, na yule yule aliyemtukana akamwandikia limepokelewa. Sheria hiyo haikuvunjwa na mtu.

Sasa, wakali wa chumba walikuwa wawili.

Wa kwanza Injinia, jamaa wa Dar. Anajua, na anajua kwamba anajua. Akishinda lazima apige screenshot.

Wa pili Usipa. Hilo ni jina la dagaa wa huku Ziwa Nyasa, kwa hiyo tulijua ni mtu wa mwambao. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Mara nyingi aliaga hivi: "Nashuka, jiwe limeanza kuunguza. Natua jembe."

Maana huko mwambaoni wakati ule mnara ulikuwa mbali. Ukitaka mtandao unapanda kilimani, unatafuta jiwe linalokamata, unakaa juu yake kama mjusi.

Mimi nilijua ni kijana tu wa sekondari. Nilikuwa namwita dogo. "We dogo, shule huendi?" Ananijibu, "Nimeshaimaliza." Namcheka.

Tukafika fainali ya chumba, Injinia na Usipa, Jumamosi alasiri. Asubuhi yake Injinia akalipua bomu. Akaandika mbele ya wote kwamba Usipa si mtu wa kawaida, anajibu haraka mno, lazima ana programu inayomtafutia maneno. Watu wakagawanyika. Wengine walikuwa na uchungu wao wa kufungwa kila siku, wakapata pa kuegemea.

Usipa akaandika mstari mmoja tu: "Tukutane ubaoni."

Alasiri ikafika. Nikafunga nusu ya mlango wa duka nisisumbuliwe. Usipa akaanza kuongoza, na akazidi kuongoza. Injinia hatanii tena. Mbinga mvua ikaanza kupiga bati.

Zamu ikaja kwa Usipa. Hajapanga.

Tukasubiri. Tukasubiri tena. Mtu akaandika, "Programu imegoma nini?" Wakacheka. Mwingine akaandika, "Ameona tumemshtukia, kakimbia." Ndani ya muda mfupi hiyo ikawa ndiyo habari yenyewe. Amekimbia aibu.

Katibu akatoa uamuzi: Usipa asiporudi hadi Jumapili jioni, Injinia ni bingwa, na jina la Usipa linafutwa kwenye jedwali la washindi wote kwa udanganyifu.

Mimi ni mtu wa hasira, mke wangu anaweza kunitolea ushahidi. Nikaandika: hajatua jembe. Nikaulizwa, kwani mwizi anaaga? Nikaandika tena: huyu mtu hajawahi kuondoka bila kutua jembe hata siku moja, mvua imeanza kunyesha, na yeye anakaa juu ya jiwe. Wakaniita wakili wa tapeli.

Usiku ule nilirudi nyumbani na simu mkononi.

Mke wangu Imelda ni Mnyasa wa mwambao huo huo. Nikamweleza. Akaniuliza huyo mtu anaona nini akiwa juu ya jiwe lake. Nikakumbuka aliwahi kutuandikia: chini yangu naona bati la kanisa, na mto unapoingia ziwani.

Imelda akakitaja kijiji papo hapo. Kiko jirani na kwao. Sitakitaja hapa, wenyeji mtakuwa mmeshakijua.

Nikasema tupige simu kwa ndugu zake. Akaniangalia. "Baba Thea, ili wapokee si lazima nao wawe juu ya jiwe?"

Kweli. Simu zote zilikuwa hazipatikani.

Jumapili asubuhi nikaacha misa, nikamchukua shemeji yangu Otmari, kaka yake Imelda, ambaye ni bodaboda pale stendi. Njia nzima ananisema. "Shemeji, unakwenda kumtafuta mtu usiyemjua jina, usiyemjua sura, hujui hata kama ni mwanaume au mwanamke. Tukifika tuulizie nini?"

Nikamwambia aendeshe tu. Barabara ilikuwa tope tupu, kwenye miteremko nashuka natembea, yeye anateleza na pikipiki. Ziwa lilipoonekana kule chini wala sikufurahi kama siku zote. Nilikuwa nawaza mvua ile ya jana.

Tukafika watu wanatoka kanisani. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa anafagia mlangoni, nikamsalimia, nikamuuliza nani hapa kijijini anapenda kupanda kilimani na simu.

"Vijana wote," akasema. "Jiwe lao lile pale, wanapiga kelele mpaka ibada inatushinda."

"Hakuna anayepanda peke yake?"

Akafikiri. "Labda Mwalimu. Yeye hapendi kelele, ana jiwe lake kule juu zaidi. Lakini hayupo, amesafiri. Alisema wiki hii atakwenda Mbamba Bay kwa mwanawe. Hata ibadani leo hakuja."

Mwalimu mwenyewe, akaeleza, ni mama mstaafu. Amefundisha shule ya pale miaka na miaka, mume alifariki, anaishi peke yake.

Wakuu, nikamwomba arudie. Mama mstaafu? Dogo wangu?

Otmari akasema, "Umeona? Kasafiri. Turudi kabla mvua haijarudi." Na kwa haki kabisa lilikuwa ni jambo la akili. Chumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake, na kijijini nao walikuwa na yao.

Nikaomba nionyeshwe nyumba yake tu. Mama yule akatupeleka, kwa kutuonea huruma nadhani. Mlango umefungwa kwa nje. Kimya. Mtu aliyesafiri kabisa.

Tukazunguka nyuma.

Kulikuwa na chanja ya kuanikia dagaa, na dagaa wako juu yake. Wamelowa, wameanza kunuka, kuku wanadonoa waliodondoka.

Yule mama akasimama. Otmari, aliyekuwa ananisema tangu Mbinga, naye akasimama. Mimi ni mtu wa milimani, sikuelewa kwa haraka hiyo. Otmari akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, hakuna mwanamke wa mwambao anayesafiri akaacha dagaa chanjani."

Mama akageuka akaanza kuita watu.

Tulipanda kile kilima sijui kwa pumzi gani. Mimi na tumbo langu hili. Njia ni nyembamba, majani yamelala kwa mvua. Watu wanaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Kimya. Upepo wa ziwa unakula sauti.

Karibu na kileleni simu yangu ikanasa mtandao, ikaanza kulia mfululizo mfukoni. Meseji za chumbani zinaingia zote kwa pamoja. Nikatupa jicho. Wengi wanahesabu saa zilizobaki. Wanamtania. Sikuweza kusoma zaidi.

Tukalifikia jiwe lake. Kubwa, limebonyea katikati kama kiti. Pale juu kulikuwa na kanga iliyokunjwa ya kukalia, imelowa chapachapa.

Yeye hayupo.

Nikawaza ameshakufa. Nasema ukweli, nikaanza kulia pale mbele ya watu nisiowajua, kwa ajili ya mtu nisiyewahi kumwona. Kisha nikapiga kelele kwa jina pekee nililolijua.

"Usipa!"

Watu wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikaita tena. "Usipa!"

Kutoka chini, upande wa nyuma wa jiwe, kwenye ufa kati ya mawe mawili, ikatoka sauti dhaifu kabisa.

"Nani huyo ananiita jina hilo?"

"Ni mimi. Ngolo."

Nikainama kwenye ufa.

"Ngolo wa Mbinga?"

"Ndiye mimi."

"Dogo wako nimevunjika mguu," akasema.

Mvua ilipoanza jana yake alisimama ashuke, jiwe likateleza, akaporomokea mle ufani. Simu ikatumbukia ndani zaidi, hakuifikia. Usiku mzima mle ndani, mvua inamnyeshea, akaita mpaka sauti ikakauka. Tulipokuwa tunaita "Mwalimu", yeye alikuwa amezimia nusu, alidhani anaota darasa.

Nikamshikia mkono pale ufani wakati vijana wanakata miti ya machela. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia marahaba. Ule mkono ulikuwa baridi, sitausahau.

Kabla hatujashuka nikaandika chumbani kutoka kwenye jiwe lake mwenyewe: "Nimempata. Alianguka mvua ilipoanza. Amelala nje usiku kucha akiwa amevunjika mguu. Yuko hai. Ni mama yenu, ana umri wa mama zenu. Endeleeni kuhesabu."

Kuhesabu kukakoma hapo hapo. 

Wa kwanza kuandika alikuwa Injinia. "Zamu bado ni yake. Sichukui ushindi. Mwambieni naomba radhi, na akishindwa kusamehe ana haki." Katibu akafuta uamuzi wake.

Tulimleta Mbinga kwa gari la mtu aliyekuja kununua samaki. Hospitali wakamfunga mguu. Na hapa ndipo nataka wale wanaosema urafiki wa mtandaoni ni hewa wasome polepole.

Mwanachama wa Songea, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona, akaja na chupa ya uji. Mmoja akashuka kutoka Mkumbi na mkungu wa ndizi, kumbe tumepishana sokoni maisha yetu yote. Imelda akawa anamwogesha kama mama yake mzazi. Mwanawe alipofika kutoka Mbamba Bay alikuta wodi imejaa watu, akauliza hawa ndugu wametoka wapi. Mwalimu akamwambia, "Wa ukoo wa maneno."

Alipopata nguvu kidogo akaniambia, "Ngolo mwanangu, nipe simu yako. Ile zamu nimeilaza sana."

Akaingia kwa jina lake. Ubao ulikuwa vile vile alivyouacha, herufi zake zinamsubiri. Chumba kizima kilikuwa kinatazama. Haraka yake ni ile ile. Nilikaa ubavuni kwake, nikaona kwa macho yangu hiyo programu yao: bibi mwenye miwani, midomo inachezacheza anaposoma.

Mchezo ukaendelea hadi mwisho. Wakuu, mngependa niwaambie alishinda. Hakushinda. Injinia alimpita kwa pointi chache kwenye herufi za mwisho, na safari hii hakupiga screenshot.

Mwalimu akacheka kidogo, akaandika:

"Umecheza vizuri, mwanangu. Juzi niliondoka vibaya. Natua jembe."

"Limepokelewa," akaandika Injinia. Halafu Katibu. Halafu wa Tanga, wa Kigoma, wote, hata wale ambao hatukuwahi kuwaona wakichati. Skrini ikawa inapanda tu, limepokelewa, limepokelewa. Mwalimu akaniomba nimshikie simu kwa sababu miwani imejaa ukungu.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu wako akinyamaza ghafla, usiwe mwepesi wa kumtungia sababu. Ungana na wenzako mkamtafute, hata kama mtaonekana wajinga. Mkimkuta mzima, hasara yenu ni nauli na tope.

Mwalimu yupo hadi leo, anatembelea fimbo. Mnara umefika kijijini kwao, anacheza akiwa barazani, karibu na chanja yake. Bado ananifunga.

Sasa na ninyi semeni. Nani kwenye magrupu yenu kanyamaza siku hizi, na mmeshamwekea sababu gani? Anza kwa kumpigia, ndipo uje ku-comment.

Natua jembe.