Kola Nne Kwenye Msumari

Ofisi ya mifugo imetangaza rasmi kwamba, tangu ng'ombe wa Kitale wavishwe kola zenye mtambo wa satelaiti, hakuna mnyama atakayevuka kwenda Bungoma bila kuonekana kwenye ramani, na ugonjwa wa miguu na midomo utajulikana unakoelekea kabla haujafika. Tangazo lilisomwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ugonjwa usije ukasingizia lugha.

Sally Kipyegon, ambaye majirani humwita Mama Kipchirchir, alipiga makofi kama wengine, na ng'ombe wake wakavishwa. Kisha mwanawe Kipchirchir akapata mchumba Kabuchai, huko Bungoma, na ng'ombe wanne wa mahari wakapakiwa kwenye lori. Kabla hawajapanda, Sally aliwavua kola akazitundika kwenye msumari jikoni. Ng'ombe anayetolewa haendi na kamba ya mwenyewe. Kamba hubaki, la sivyo baraka za zizi huondoka nayo. Afisa wa mifugo hakuwa amesema kama kola ni kamba. Ilivaliwa shingoni, na Sally aliona hiyo inatosha.

Wiki haikuisha, ndama aliyebaki nyumbani akaanza kutokwa na mate kama povu la sabuni na kuchechemea. Afisa alipopigiwa simu alifungua ramani, akamtuliza: hakuna ng'ombe aliyetoka kwake, kwa hiyo chanjo itapelekwa upande wa mlimani, si Bungoma. Sally akamweleza habari za msumari. Afisa alisema ataliwasilisha jambo hilo.

Kipchirchir alimsihi anyamaze mpaka harusi ipite. "Mathe, ukiwaambia tumewapelekea mahari mgonjwa, hiyo ndoa imekufa. Si ungoje tu?"

"Ugonjwa haukupewa kadi ya harusi ndio ungoje tarehe," alisema Sally.

Alioga, akabadilisha nguo, akasugua gambuti kwa dawa ya choo, akaondoka alfajiri. Huko Kabuchai alisimama nje ya lango la wakwe, akakataa kuingia, akakataa na chai: matusi mawili kwa mpigo. Bilha, mama wa bibi harusi, aliuliza kama chai ya Wabukusu siku hizi ina harufu.

"Mwenye uchafu ni mimi, mama," Sally alisema. "Wale ng'ombe nilileta, watengeni leo hii. Wako na ugonjwa wa midomo. Wakifa, nitaleta wengine."

Mzee Sifuna, mumewe Bilha, alisogea mpaka langoni.

"Ati umetoka Kitale yote kuja kutuambia ng'ombe wako ni wabaya," alisema. "Mkwe kama huyu sijaona, bana. Bilha, hiyo chai mletee hapo barabarani. Harusi iko."

Wale wanne walifungiwa nyuma ya shamba la miwa, wakaugulia huko. Ng'ombe wa Sifuna hawakuguswa.

Ripoti ya mradi ilitoka baada ya mavuno. Inasema Kabuchai ilisalimika kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyevuka, na inalisifu boma moja la Kitale ambako ng'ombe wanne wameonyesha utulivu wa kipekee. Bado wametulia pale msumarini, juu kidogo ya gunia la mahindi. Betri, Sally anakiri, ni nzuri.