Siku Nilipoingia Bandani kwa Saa za Nakonde

Jamani, aibu niliyoipata siku ligi ya Uingereza ilipofunguliwa, hata leo nikipita pale karibu na mpaka nashusha kofia usoni, ingawa banda lenyewe la mpira lilishabomolewa na sasa pamejengwa gesti.

Mnajua mimi si mtu wa maneno. Nilimpenda Neema, naye alikuwa amekubali, lakini kabla ya kutuma mshenga kwao nilitaka nizungumze na kaka yake Elia, fundi pikipiki mwenye sauti kubwa, na kila nikimkuta gereji niliishia kuulizia bei ya plagi (pikipiki yenyewe sina). Mwisho akanihurumia: "Mdogo wangu, Jumapili njoo bandani kwa Mama Witi. Bluu yangu inafungua na wekundu wako. Mapumziko tutaongea."

Jumapili mchana nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kununua jezi nyekundu ya mtumba, na kwa kuwa vifurushi vya kule vilikuwa rahisi, nikaweka laini ya Zambia kwenye simu. Ni hilo tu. Kila mtu wa Tunduma anajua ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja, hata mimi najua, ila siku hiyo kichwani nilikuwa narudia maneno ya kumwambia Elia, na simu ikajibadilisha saa bila kuniaga. Nikarudi nyumbani, nikaoga, nikapiga pasi, nikatembea taratibu nisitoke jasho, nikafika bandani nikijisifu kwamba nimewahi.

Nachungulia, kwenye runinga mwekundu anakokota mpira, anapiga, goli! Mimi ambaye hata kanisani naimba kwa kunong'ona, nikaruka, "Gooooli!" Peke yangu. Banda zima likageuka.

"Kijana," Elia akasema kutoka benchi la mbele, pembeni yake nafasi moja wazi, "hayo ni marudio. Mapumziko ndiyo yanaisha hivyo. Nimekungoja mpaka karanga zimekwisha."

"Mbona nimewahi, kaka?" nikasema, nikamwonyesha simu.

Akaitazama, akaangua kicheko. "Jamani, huyu bado yuko Nakonde!"

Hapo ningekaa tu, yangeisha. Lakini mwenye aibu haoni anapokanyaga. Kipindi cha pili kinaanza, mimi nikageuka nitoke, mguu ukanasa kwenye waya, runinga na king'amuzi vikazima. Mama Witi akapiga kelele, "Mshikeni huyo!" King'amuzi chenyewe kilikuwa kizito kuwaka, na picha iliporudi bluu walishasawazisha, goli hakuna aliyeliona. Sikungoja kusikia matusi. Nilikimbia.

Nikaikwepa gereji, nikamkwepa na Neema mwenyewe, mpaka mvua zikaanza. Neema akachoka kungoja, mshenga wa kijana mmoja wa Iyula akapokelewa kwao.

Baadaye nikakutana na Elia stendi ya Mlowo, akanishika mabega, bado anacheka. "Ulipotelea wapi, bwana? Nyumbani niliwasimulia, mzee alicheka mpaka machozi. Kila wiki alikuwa anauliza, yule wa Nakonde anakuja lini?"

Mechi ile nimeshasahau iliishaje. Nakumbuka lile benchi la mbele, na nafasi aliyoniwekea pembeni yake. Nimejiapiza: nikiaibika tena mbele za watu sikimbii, nitakaa hapohapo wanicheke mpaka wachoke, kisha niseme nililokuja kusema.