Chupa za Kaburi la Mama

Kazi yangu ni kueleza. Kampuni ya soda iliyoniajiri ina kitengo cha mazingira, nami nimewekwa Morogoro kuwaeleza watu kwa nini chupa tupu ya kioo irudi kiwandani. Naipenda kazi hii kwa sababu jambo lenyewe halina ugumu. Chupa ikirudi inalowekwa kwenye maji ya moto yenye dawa kali, inasuguliwa, kisha inapita mbele ya taa ili jicho la mtu litazame kama imebakiza uchafu. Ikiwa safi na mdomo wake haujavunjika, inajazwa tena, na mwakani tena. Isiporudi, lazima itengenezwe nyingine, na tanuru la kuyeyushia kioo linakula moto mwingi sana. Ukishaelewa hapo, umeelewa karibu yote.

Kila nikimaliza huuliza, "Kuna swali?" Aliyekuwa na maswali mengi kuliko wote ni mama yangu. Alikaa peke yake huko juu Mgeta, nami peke yangu chumbani kwangu Kihonda, na jioni tuliongea kwa simu. "Hizo chupa ulizokusanya leo zimelala wapi?" aliniuliza. "Na zile zilizotiwa mafuta ya taa, harufu inatoka kweli?" Mimi ni mtoto wake wa pekee. Tangu tulipomzika, simu yangu ikiita jioni ni matangazo ya kampuni ya simu.

Alizikwa pembeni mwa shamba lake, kwenye tuta la pili chini ya nyumba. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa mapema. Kilichobaki kuonyesha kaburi ni chupa za soda, zile zile walizonywa waombolezaji siku ya kumaliza matanga, zikafukiwa kulizunguka midomo chini, vitako juu. Kwetu wengi hufanya hivyo, makaburini na kwenye bustani za maua. Jua la asubuhi likizipiga unaziona tangu njiani.

Mwaka huu kampuni ilitaka chupa za vijijini, kwa sababu nyingi hupanda milimani na kreti za harusi na hazishuki tena. Nikaomba nianze na kijiji cha mama. Jumapili baada ya misa nilisimama mbele ya kanisa nikaeleza. Nilisema atakayeleta chupa atapewa miche ya miti ya asili, ya kupanda kwenye chemchemi, kwa kuwa soda ni maji, na maji yenyewe yanatoka kwenye milima kama hii.

"Leteni kila chupa," nikasema. "Hata ya koroboi. Hata iliyofukiwa ardhini."

Kisha nikauliza kama kuna swali. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Na ikiwa bado ina kitu ndani?"

"Kitu gani, mzee?"

"Si soda."

Watu wakacheka. Nikamwambia hiyo aimalize kwanza.

Jumamosi iliyofuata pikapu ya kampuni ilipanda. Watu walikuja na vikapu, ndoo, hata kanga zilizofungwa mafundo. Jirani yetu wa miaka yote, ambaye namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja, alifika wa mwisho na ndoo kichwani. Chupa zake alikuwa ameziosha, lakini zilibaki na madoa ya udongo mwekundu. Nikazipokea, nikamshukuru, nikampa miche yake. Pikapu ikashuka mjini. Mimi nikabaki nyuma ili nikamsalimie mama.

Nilikuta mashimo. Mduara wa mashimo madogo, bado mabichi, na katikati ardhi iliyolala sawasawa na shamba lingine lote.

Mama mdogo alikuwa mlangoni kwake akimenya njegere. Miche yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, imeshamwagiwa maji.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Zile chupa umezitoa wapi?"

"Si kaburini?" Alishangaa kuulizwa. "Ulisema kila chupa, hata iliyofukiwa. Nikasema, mwenye kampeni ni mwanawe, halafu mama mtu aonekane ndiye aliyebania za kwake? Watu wangesema."

"Sasa kaburi litajulikanaje?"

"Mimi nalijua."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitisha. Bila chupa, wa kuonyesha mahali penyewe hasa tulikuwa yeye na mimi tu. Shamba nimelikodisha kwa watu wa bondeni ambao hawakumjua mama, na mvua za vuli zikianza wangeingia na majembe. Ningeweza kuwaonyesha kwa kidole, lakini kidole hakibaki shambani.

Nikashuka kwa bodaboda hadi ghala la kampuni mjini. Mtunza ghala alikuwa akifunga mlango.

"Afisa, Jumamosi jioni? Huna hata wa kukuuliza uko wapi?"

"Sina," nikamwambia, nikamweleza kilichotokea. Utani ukamwisha. Akafungua tena.

Chupa za udongo walikuwa wameshazitenga. Chupa iliyokaa ardhini muda mrefu hukwaruzika, haijazwi tena; hupelekwa kusagwa na kuyeyushwa iwe kioo kipya. Lori la kuzichukua lingekuja Jumatatu. Lilikuwa lundo kubwa, kutoka bustani za kijiji kizima, zote na madoa yale yale mekundu. Nilipiga magoti nikatafuta za mama. Nilidhani ningezitambua. Niliinua moja moja kuelekea taa, nikazigeuza, nikanusa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mama zaidi ya nyingine.

Mtunza ghala alinivumilia kwa muda, kisha akaleta kreti.

"Chukua za kutosha. Kwetu hizi ni vigae tu."

"Zipi?"

"Zozote, dada yangu. Zote zilinywewa na watu wa kule kule."

Jumapili nilipanda nazo. Mama mdogo alitoka misani akaja moja kwa moja, bado na kitenge chake cha kanisani. Alinisaidia kuzipanga. Mashimo yalikuwa hayajabomoka, na kila moja lilipokea chupa ya mtu mwingine bila taabu. Tulishindilia udongo kwa visigino.

"Haya," akasema akijipangusa mikono, "mwambie mama yako hizi si zake, asije akashangaa." Akaenda kupika.

Nikabaki peke yangu. Nikamweleza mama taratibu, kama ninavyoeleza kila mahali: kwamba chupa za waombolezaji wake sasa ziko kwenye lundo ghalani, kesho zitapanda lori, zitasagwa na kuyeyushwa, na zitarudi zikiwa chupa mpya ambazo hatutazijua, na kwamba hizi zilizomzunguka zimetoka kwenye bustani za majirani, sijui ya nani na ya nani. Nilipomaliza nikauliza, kwa mazoea, "Kuna swali?"

Nikangoja kidogo. Kisha nikachukua kreti tupu, nikaanza kuteremka.