Kidude Cheusi Nyuma ya Kompyuta

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka. Niliamka Morogoro katika chumba cha kupanga, nikavaa, nikatoka, na nilipofika barabarani nikaona sina sababu ya kurudi ndani. Sikuwa na mpango. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alirudia yale yale kila siku na mimi nilitaka kujua kuna nini nyuma ya mlima. Lori la vitunguu lilisimama, nikapanda. Mchana nilikuwa Kariakoo nashusha magunia, na baada ya hapo nikaanza kutembea tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Rafu ambazo zamani zilikuwa tupu zilijaa redio, vitambaa na sabuni za kila rangi. Kila kona kulikuwa na mtu anayemwambia mwenzake kwamba alichonacho kimepitwa na wakati.

Pale Mchafukoge nilisimama mbele ya duka moja jembamba nisiweze kuondoka. Ndani kulikuwa na mashine inayodarizi shingo ya kanzu yenyewe, bila mkono wa mtu. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, na ua lilikuwa linachomoza juu ya kitambaa cheupe kama linaota. Pembeni, kompyuta nzito iliyogeuka rangi ya manjano ilikuwa inaiambia pa kwenda.

"Wewe, unanunua au unatazama?" akauliza mwenye duka, mzee wa Kiarabu mwenye ndevu chache.

"Shikamoo mzee. Natazama."

"Marahaba. Kutazama ni bure, ila usinizibie mwanga."

Nikasogea, nikatazama hadi jioni. Alipotaka kufunga akaniuliza nalala wapi, nami nikamwambia bado sijajua. Alicheka, akanionyesha stoo ya vitambaa. Huyo ndiye Mzee Awadhi, na toka siku hiyo hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Mtazamaji.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi umekuja unalalamika kwamba programu unayochorea kwenye simu imefungwa mpaka ulipie mwezi mwingine, na michoro yako yote imo humo. Ulisema ni mambo ya kisasa, wazee hamuwezi kuyajua. Kaa hapo.

Nakshi za Mzee Awadhi zilikuwa za baba yake. Baba yule alizichora kwa mkono, na kila ukoo uliokuja kwake ulikuwa na nakshi yake ya shingo. Bwana harusi wa ukoo fulani alivaa nakshi ile ile aliyovaa babu yake, na watu wakimwona kwa mbali walijua ni wa nani. Mchwa walipoanza kula karatasi zile, Mzee Awadhi alinunua kompyuta na kuziingiza tundu kwa tundu, akazihifadhi kwenye disketi, miaka ile macho yake yakiwa bado mazuri. Nilipofika mimi kwake, macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Nakshi alizitambua kwa kupapasa uzi. Kuziingiza upya asingeweza tena, na karatasi hazikuwepo.

Duka la pili lilikuwa la Mama Hansa, mjane wa Kihindi, aliyedarizi nembo za mashati ya shule. Yeye alikuwa na kompyuta kama ya Mzee Awadhi na programu ile ile. Chini ya meza yake kulikuwa na maiti mbili za kompyuta alizookota kwenye ofisi zilizokuwa zinatupa, na kila yake ilipougua aliinama chini, akang'oa kipande, akapachika. Vijana wa mtaani walimwita Mama Makumbusho. Aliwasikia, na aliitikia kabisa.

Mwaka ule Mzee Awadhi alimwoza binti yake, Rukia, kwa kijana aliyeitwa Nassor. Nassor alivaa tai, alinukia vizuri, na alikuwa wakala wa kampuni mpya ya kompyuta. Nataka unielewe, hakuwa tapeli. Aliamini kila neno alilosema, na ndiyo maana alikuwa hatari.

Harusi haikuwa imepoa alipokuja dukani na programu mpya. Rangi nyingi, picha za kung'aa, kila kitu kwa kubonyeza. Kampuni ingechukua kompyuta ya zamani, ingeleta mpya, na nakshi zote zingehamishiwa humo. Nyuma ya ile mpya kulikuwa kumechomekwa kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti.

"Hiki cha nini?" nikauliza.

"Hicho ni ufunguo," alisema Nassor. "Kila mwaka kampuni inaupa uhai upya. Mambo madogo."

"Na usipopewa uhai?"

Nassor alifungua mdomo anijibu, lakini Mzee Awadhi alikohoa. Alinituma nje nikalete maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Niliporudi, alikuwa ameshatia sahihi, na Nassor ameondoka na kompyuta ya manjano kwenye mkokoteni.

"Mtazamaji," aliniambia, "sikiliza vizuri. Yule ni mume wa mwanangu. Humhoji mkwe wangu mbele yangu. Ukimuuliza mtu kama yule 'na isipokuwa hivyo?' umemwambia ni mwongo, na maneno hayo yatalala na binti yangu kitanda kimoja. Umenifahamu?"

Nilifahamu. Kwao mkwe alipokelewa kwa mikono miwili, na alicholeta kilipokelewa hivyo hivyo. Sikuuliza tena.

Nassor alikwenda na kwa Mama Hansa pia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake.

"Mama, hii yako ni ya zamani mno."

"Inadarizi?"

"Inadarizi, lakini ya zamani."

"Hata mimi wa zamani, na bado napika. Utanibadilisha na mimi?"

Watu wakacheka. Nassor naye alicheka, kijana wa watu, hakuwa na kinyongo.

"Nikichukua yako," Mama Hansa akaendelea, "halafu siku ufunguo wako umelala na wewe umesafiri, mimi nafanya nini?"

"Mama, mimi siendi popote."

"Haya, baba. Dar hii, kila niliyemjua aliniambia hivyo." Akageukia sindano yake.

Mwaka ulipita vizuri. Nisikudanganye, mashine ilikuwa nzuri. Idd ile Mzee Awadhi alinidarizia kanzu, shingo aliyoipenda kuliko zote, ile ambayo baba yake aliichorea watoto wake wa kiume. Yeye hakuwa na mtoto wa kiume. Aliitundika tu mlangoni mwa stoo nikaikuta.

Kisha ikaja Ramadhani ya pili. Vitambaa vya watu vilijaa hadi juu ya kabati, na kulikuwa na harusi ya ukoo mmoja mkubwa siku chache baada ya Idd. Asubuhi moja niliwasha kompyuta, ikaandika kwamba muda umekwisha, ikakaa kimya. Nilizima, nikawasha. Kimya. Mzee Awadhi alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, ameelekeza sikio kwenye mashine, anangoja iendelee.

"Haisemi?" akauliza.

"Haisemi, mzee."

Nassor aliitwa. Alikuja, akapiga simu kampuni, akarudi uso umepauka. Programu ile imesimamishwa, alisema. Hawaipi uhai tena, kuna nyingine mpya zaidi. Na ile mpya zaidi haielewani na mashine hii ya kudarizi, kwa hiyo itabidi na mashine ibadilishwe. Alisema haya yote akitazama sakafu.

Nilimtazama mzee. Nilitamani apige meza. Nilitamani aseme, nirudishie kompyuta yangu. Alisema, "Hewala, baba. Msalimie mkeo."

Basi. Hilo tu.

Mashine haikulia siku hiyo wala iliyofuata. Mama Hansa, aliyezoea kuisikia kupitia ukutani, alikuja kusimama mlangoni.

"Awadhi, na mashine yako nayo imefunga Ramadhani?"

"Tunaipumzisha."

"Wiki ya kanzu unapumzisha? Lete zile disketi zako. Kwangu zitafunguka, programu yangu ndiyo ile ile yako ya zamani."

Nilikuwa nimeshafika kwenye sanduku la disketi. Mzee Awadhi alisema bila kugeuka, "Ziache, Mtazamaji." Mama Hansa alipoondoka akaniambia, "Mtaa ukijua nakshi zimefungwa, utauliza nani alizifunga. Nikisema ni nani, mwanangu atakula wapi?"

Wenye vitambaa wakaanza kuja. Mjomba wa yule bwana harusi alisimama katikati ya duka. "Mzee Awadhi, hii Idd ni ya Waislamu wote, au sisi tumetolewa? Kijana wangu ataoa na shingo tupu?" Akachukua kitambaa chake, akaondoka. Kila aliyemfuata alichukua chake. Niliviona vitambaa vikishuka kidogo kidogo, mpaka ukuta wa nyuma, ambao sikuwahi kuuona, ukaonekana.

Hapo ndipo mzee mwenyewe alinisukumia sanduku. "Nenda," alisema. "Pitia uani."

Mama Hansa alichomeka disketi ya kwanza, kompyuta yake ikaguna na kukataa. Ya pili ikakataa. Alijaribu zote, bila haraka, akizipanga upande wa kushoto moja juu ya nyingine. Mwishowe alivua miwani. "Nassor alipohamisha, alihifadhi kwenye disketi hizi hizi, juu ya zile za zamani," alisema. "Hazisomeki ila kwa ile programu yao. Mwambie... hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Sijui walizungumza nini. Nilikaa uani nikasikia tu kwamba hakuna aliyepandisha sauti.

Mwanangu, yaliyofuata ni mafupi. Duka lilifungwa. Nassor hakuja tena kumwamkia mkwewe, si Idd, si kwenye misiba ya jamaa, si siku yoyote. Rukia alikaa katikati, akimtetea baba kwa mume na mume kwa baba, hadi siku moja alirudi na sanduku lake la nguo kwenye mkokoteni, na sikuweza kutoukumbuka ule mkokoteni mwingine. Kile mzee alichokinyamazia ili kisivunjike kilivunjika vilevile.

Wiki za mwisho Mzee Awadhi alikuwa haoni kabisa. Nilikuwa nampapasisha shingo ya kanzu yangu, anaifuata kwa kidole, anatabasamu. Siku moja kidole kilisimama.

"Siku ile uliuliza kidude kile ni cha nini. Uliza tena."

"Ni cha nini, mzee?"

"Sijui," alisema. "Mpaka leo sijui. Nilikunyamazisha wewe na mimi mwenyewe sikujua."

Alifariki kabla ya mvua. Baada ya arobaini nilimkuta Nassor Mnazi Mmoja, hana tai, anauza saa za mkononi. Nilidhani nina mengi ya kumwambia. Yeye alinitangulia.

"Angenitukana tu," alisema. "Mara moja. Ningekwenda kupigana na ile kampuni, ningelala mlangoni kwao. Lakini yule mzee aliniambia nimsalimie mke wangu. Ningeingiaje tena nyumba ile?"

Asubuhi iliyofuata nilimuaga Rukia, nikamuaga Mama Hansa, ambaye alikuwa ameinama chini ya meza anang'oa kipande kwenye maiti zake, akaniaga kwa kunipungia bisibisi. Nilitoka bila mpango, kama nilivyokuja, nikafuata sauti ya bandari mpaka Kurasini. Huko mke wa kuli mmoja wa bandarini alinionyesha chumba chenye kitanda na msumari mmoja ukutani.

"Mzigo wako uko wapi, kaka?" akauliza.

Nikatundika kanzu kwenye msumari. "Ni huu," nikamwambia.

Ninayo hadi leo. Kitambaa kimegeuka rangi, lakini darizi haijaachia uzi hata mmoja. Haijawahi kuniandikia kwamba muda wake umekwisha. Kati ya nakshi zote za baba yake Mzee Awadhi, naamini ndiyo iliyobaki, na iko shingoni mwa mtu asiye wa damu yao.

Basi nisikie. Sikukatazi kitu kipya. Mimi ni mtu wa kuondoka asubuhi bila kujua niendako, nitakukatazaje? Ila ukipewa kipya, usikubali cha zamani kiondoke mlangoni siku hiyo hiyo. Chombo kinachofanya kazi kiache kifanye kazi, na anayekucheka mwache acheke, Mama Hansa alichekwa miaka mingi na watoto wa shule hawakukosa nembo. Kazi ya mikono yako iweke mahali ambapo wewe mwenyewe unaweza kuifungua, hata kama wote waliokuuzia wamelala, wamehama au wamekufa. Na kabla ya kutia sahihi, uliza kile kidude ni cha nini. Akiwa mkweo, muulize. Nikiwa ni mimi niliyekuletea, niulize na mimi, mbele za watu, na nikikohoa uulize tena. Heshima isiyovumilia swali moja haitavumilia msiba.

Mungu akujalie kazi itakayokuzidi umri, akulindie macho yako, na ulimi wako asiufunge mahali pa kuuliza. Popote utakapofika jioni bila mpango, ukute msumari ukutani na kitu chako mwenyewe cha kutundika. Amina.