Moshi wa Jumapili Juu ya Mazinde

Mwezi uliopita niliwatia wanangu aibu ndani ya basi. Tulikuwa tunatoka Tanga kwenda Same kwenye arusi, nimekaa dirishani kama kawaida yangu, maana dirisha simwachii mtu. Tulipofika Mazinde nikatazama juu, nikaona moshi. Moshi mweupe, mwembamba, umesimama pale pale kwenye ukingo wa mlima. Niliruka kwenye kiti, na umri wote huu, nikapiga kelele: "Bibi yule pale!" Konda akageuka, akauliza huyo bibi anashuka au anapanda. Basi zima likaangua kicheko. Binti yangu akanivuta kanga, akaninong'oneza nikae, watu wananiangalia. Sikukaa. Na huyo bibi yangu alikufa miaka mingi iliyopita.

Hebu nikusimulie, rafiki yangu, halafu wewe ndiye uamue kama nina wazimu.

Sisi ni watu wa juu. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Lushoto, ukingoni kabisa, pale ambapo mlima unakatika ghafla na chini yake ni nyika tupu: Mazinde, mashamba ya mkonge, reli. Palikuwa na jiwe pana ambalo bibi alianikia maharage, na ukisimama juu yake uliiona nchi yote mpaka macho yakachoka. Garimoshi lilipita huko chini, na mlio wake ulitufikia likiwa limeshakwenda zake. Na baridi ya kule, wee acha tu. Asubuhi tuligombania nafasi kwenye mafiga, kila mtu na kiazi chake cha moto mkononi, hatuli kwanza, tunajipasha. Msimu wa plamsi ulipofika tulikula mpaka matumbo yakauma, tukalia, tukanyamaza, tukapanda tena mtini.

Bibi huyu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi, mkali, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Zaburi alikuwa nazo kichwani, na hakutufundisha tukiwa tumekaa. Kila moja ilikuwa na kazi yake. Ile ya mchungaji tuliisema tukirudisha mbuzi, na ukikosea neno unawashusha mbuzi bondeni unaanza upya. Ile ya kulala kwa amani ilikuwa ya kufunga mlango na kufukia moto. Bibi alimwita Mungu Zumbe, jina lile lile walilokuwa wakiitwa machifu wetu. Serikali ya Uhuru ilipowaondoa machifu, baba alimtania kwamba sasa hana tena Zumbe. Bibi alimjibu kwamba huyu wa kwake hakuteuliwa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kumwondoa.

Kulikuwa na zaburi moja iliyonisumbua: ile ya mtu anayeinua macho kuitazama milima na kujiuliza msaada wake utatoka wapi. Hii tuliisema tukipalilia. Siku moja nikaweka jembe chini, nikamuuliza bibi mtu atainuaje macho kuitazama milima wakati amesimama juu yake. Sisi tukitaka kutazama kitu tunatazama chini. Mama akacheka, akadhani nitachapwa. Bibi akafikiri kidogo, akaniambia zaburi nyingine ni kama plamsi, ukiichuma mbichi itakuuma meno, na hii kwangu bado ni mbichi. Niliudhika. Nilikuwa mtoto wa kupenda majibu, na bado niko hivyo.

Basi zikaja siku za Ujamaa. Mikutano kila mara, ngoma, nyimbo, wageni wenye mashati ya mikono mifupi wakitueleza kwamba huku juu ardhi imekwisha, tunalima mpaka kwenye kingo za makaburi, na huko chini kuna ardhi ya kumwaga. Kutakuwa na kijiji, shule, zahanati, shamba la pamoja. Baba alikuwa mtu wa kushika jambo kwa mikono miwili. Alirudi kutoka mkutanoni anaimba. Na mimi, kwa nini nikufiche, nilifurahi sana. Nilikuwa naenda kuliona garimoshi kwa karibu!

Bibi akasema hashuki. Kwa wazee wa kwetu nyika ilikuwa nchi ya joto na homa, mtu anashuka kuuza mboga na kupanda kabla jua halijazama. Baba alimbembeleza, akamletea mchungaji, akamletea mpaka balozi wa nyumba kumi. Bibi aliwapa wote chai, akawaambia hapa ndipo alipomzika mumewe na hapa ndipo atakapozikwa. Furaha yangu ikaisha hapo hapo. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna kwenda bila bibi. Siku ya kuondoka nilikumbatia nguzo ya mlango, wakashindwa kunitoa. Ndipo bibi akanishika mkono, akanipeleka kwenye jiwe la maharage.

"Kila Jumapili nikitoka kanisani nitawasha moto hapa, niweke majani mabichi," aliniambia. "Ukiona moshi, ujue nipo."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mzigo kichwani. Lazima nikuambie kwamba mama na bibi hawakuwahi kukubaliana jambo tangu mama aolewe. Waligombana juu ya chumvi ya maharage, juu ya kufunga mbuzi, juu ya nani kaacha mlango wazi. Mama akasema kwa sauti kavu kwamba na sisi tutaanika shuka jeupe juu ya paa, ili mkwe wake ajue tumeona. Bibi akamjibu alichague shuka safi, asije akatia ukoo aibu. Hayo ndiyo yalikuwa maagano yao, na tukashuka.

Jumapili ya kwanza huko chini sitaisahau. Nilitoka kanisani mbio, viatu mkononi, nikasimama nje ya kibanda chetu cha miti na nyasi, nikainua macho. Rafiki yangu, sikuwahi kuiona milima yetu! Nilizaliwa juu yake, nikala juu yake, na sikujua kwamba ni mikubwa namna ile. Imesimama kama ukuta, ya buluu, na kule juu kabisa ukatoka moshi mdogo, ukanyooka. Nikapiga vigelegele. Baba akapiga mluzi. Mama akapanda kwenye kinu kilichogeuzwa, akatupa shuka juu ya paa, na nikaanza kuisema ile zaburi ya milima kwa sauti, bila jembe, bila kulazimishwa. Plamsi ilikuwa imeiva, au hivyo nilidhani.

Maana baada ya hapo mambo yaligeuka. Mvua ilikataa. Mahindi ya shamba la kijiji yalinyauka yakiwa yamefika magotini, tukaanza kupanga foleni ya unga wa njano ambao ugali wake ulinuka gunia. Joto lilitutoa upele. Kisha homa ikamshika baba, mtu yule wa kushika jambo kwa mikono miwili, akawa anatetemeka juani amejifunika blanketi. Majirani wengine walifunga mizigo. Lakini Jumapili ikifika, moshi ulitoka, na mimi nilijiambia kwamba maadamu moshi uko, hatujaachwa. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba msaada wetu unatoka kule juu, kwenye jiwe la bibi.

Siku ya gulio mwanamke mmoja aliyeshuka na karoti akatupa salamu za bibi, akaongeza kwamba anakohoa sana. Wiki ile ile wingu likaukalia ukingo wa mlima, zito, kama pamba iliyosahauliwa. Jumapili ikaja, hakuna moshi. Tulisema ni wingu. Siku zikapita, wingu liko pale pale, huku chini jua linatuchoma, na Jumapili nyingine ikapambazuka tunaona weupe ule ule. Nilijaribu kusema zaburi, nikaiacha katikati. Nilikuwa na hakika bibi amekufa, na hakuna aliyekuja kutuambia.

Baba, kutoka kitandani, akasema tusubiri gulio tuulize. Mama alikuwa tayari anajifunga kibwebwe. Alimwambia baba kwamba jirani atamletea uji, na kwamba leo hatuendi kanisani. Mama yangu kukosa ibada! Nilishika pindo la kanga yake tukaanza kupanda.

Njia ile inapanda kwa kona, kona, kona, na mawe yanateleza chini ya miguu. Nyani walikaa juu ya miamba wakituangalia kama watu wa ushuru. Jua lilitupiga mgongoni mpaka tulipofika kwenye miti, na hapo, ewe, hewa ikabadilika. Nikasikia harufu ya udongo wenye maji. Kila nikimtazama mama alikuwa anafuta uso, na haikuwa jasho tu. Wakati mmoja alisimama, akasema, bila kunitazama, kwamba yale maharage siku zote yalikuwa yanahitaji chumvi zaidi, bibi alikuwa na haki. Nikaogopa kuliko mwanzo.

Tukaingia ndani ya ukungu. Hatukuona hata mti ulio mbele yetu. Tulipanda kwa kupapasa, na mimi nilikuwa nalia waziwazi. Kisha nikanusa. Nikamvuta mama kanga, na yeye akainua pua. Moshi! Moshi wa majani mabichi, ule ule, unawasha macho. Niliuachia mkono wa mama nikakimbia, nikaanguka, nikainuka, nikafuata pua yangu mpaka nikasikia mtu anakohoa. Na pale juu ya jiwe la maharage, shuka zito mabegani, anapepea moto kwa mfuniko wa sufuria, alikuwa bibi.

Nilimrukia nusura nimwangushe motoni. Nilisahau hata shikamoo, na yeye, mkali yule, hakunidai. Mama alifika nyuma akihema, akapiga magoti, akasema shikamoo mama. Bibi alimwitikia marahaba, akatutazama mmoja mmoja, miguu yetu yote vumbi jekundu na damu.

"Mmepanda mlima wote huu kwa sababu ya ukungu?" akasema. "Ninyi ni Washambaa wa wapi?"

Mama akamwambia hatukuona moshi. Wiki mbili hatukuona moshi.

"Na mimi sikuona shuka," bibi akajibu. "Wiki mbili sikuiona hata nyika yenyewe. Je, niliwazika?"

Alitupia majani mengine motoni, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kidogo kwamba zaburi ile haikusema msaada unatoka milimani. Mtu ameitazama milima tu. Msaada unatoka kwa aliyeitengeneza. Moshi huu ni wa mwanamke mzee mwenye kifua kibovu, na siku moja hautakuwepo. Siku hiyo tutamtegemea nani? Kisha akamwinua mama, akamwambia twende ndani, kuna makande jikoni, ila hayana chumvi ya kutosha, ayaonje. Nilikula siku ile mpaka nikashindwa kuinama. Mama na bibi walikaa benchi moja wanacheka, na nje ukungu ukaanza kudondoka matone.

Mvua ilitufuata tuliposhuka kesho yake, ikafika nusu ya njia, ikachoka, ikarudi. Nyika iliipata baadaye sana. Lakini baba alipona, na mimi sikuogopa tena wingu. Jumapili za ukungu mama alianika shuka vilevile, na nilijua kuna mtu anakohoa kule juu akipepea moto usioonwa na yeyote.

Bibi alikufa nilipokuwa msichana mkubwa. Tulipanda, tukamzika kando ya babu, tukashuka. Jumapili iliyofuata anga lilikuwa safi kabisa, na kwa mazoea tu, ya kujiumiza bure, nikainua macho. Moshi ulikuwepo. Nilimwita mama. Mama alitoka, akaangalia, akakaa chini pale pale vumbini. Siku ya gulio jirani wa bibi, mama mmoja Mwislamu aliyelima kabichi ng'ambo ya kijito, alishuka na mzigo wake, akatueleza. Bibi alikuwa amemwomba awashe moto Jumapili moja baada ya kuondoka kwake, ili watoto wajue kwamba mlima bado una mwenyewe. Baba alimuuliza kama haikumsumbua, jambo la dini nyingine. Alisema Zaburi alipewa Nabii Daudi, na Daudi ni wa wote.

Siku hizi kule ukingoni wageni hupanda kupiga picha. Kibanda chetu kilishaliwa na mchwa, jiwe sijui kama lipo, na ukitaka kujua mtu wa juu anaendeleaje, unabonyeza simu anapokea kabla hujakaa vizuri. Siwalaumu, na mimi nabonyeza. Ila hakuna tena anayetoka kanisani mbio, viatu mkononi, kwenda kutazama.

Ule moshi wa mwezi uliopita bila shaka ulikuwa wa mkulima anachoma magugu yake. Najua. Hata hivyo, nilivua kilemba changu cheupe, nikakitoa dirishani, nikakiacha kipeperuke mkononi mpaka mlima ukabaki nyuma. Konda, ambaye sasa alikuwa hacheki, akaniuliza nampungia nani. Nikamwambia huko juu wapo watu wangu, na wasipopata jibu watadhani hatujaona.