Kuitwa Mara Moja

Mtoto wa Kinyamwezi hulelewa na onyo hili: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike mpaka uitwe mara ya pili. Walio hai hurudia. Wafu huita mara moja tu, kisha husubiri.

Dionis alikuwa akiitwa hivyo kwa miaka minane. Sauti ilikuwa ya mdogo wake, Sylvester, aliyechukuliwa na maji siku tuta la lambo la kunyweshea ng'ombe lilipopasuka kijijini kwao, Choma. Wanakijiji walikuwa wamelishindilia tuta lile kwa miguu yao wenyewe, huku wakiimba, wakapitisha na ng'ombe juu yake, wakaliona gumu kama sakafu. Mvua za mwaka 1952 zikalibeba. Sylvester alikuwa bondeni na ndama. Ndama waliokotwa, yeye ilipatikana fimbo yake tu. Hana kaburi.

Wakati ule Dionis alikuwa Makerere akisoma historia. Alirudi na digrii, akapata kazi ya ualimu Tabora mjini, na huko nako sauti ikamfuata, hata darasani, mchana kweupe. Wanafunzi walizoea kumwona akikatiza sentensi na kutazama dirishani. Walidhani anatafuta neno.

Mwaka 1960 aliamua kurudi chuoni kusoma digrii nyingine, safari hii ya uhandisi. Alitaka kujua tuta hupasukaje, na lisilopasuka hujengwaje. Vyuo viwili vilikuwa tayari kumpokea: kimoja Glasgow, kingine Nairobi, ambako masomo hayo yalikuwa bado machanga.

Nabhan, rafiki yake mwenye duka la vitambaa karibu na soko, alicheka aliposikia.

"Wenzio wanaongeza mke wa pili, mwalimu. Wewe unaongeza digrii ya pili."

"Mke wa pili hajengi lambo."

"Na digrii ya kwanza ilijenga nini?" Nabhan alimmiminia kahawa. "Basi nenda Glasgow. Nairobi ni hapa hapa: treni mpaka Mwanza, meli mpaka Kisumu, treni tena, umefika. Babu yangu alitembea kutoka Bagamoyo mpaka mlangoni hapa, na babu yako nyuma yake na pembe begani. Leo Mnyamwezi aogope umbali?"

"Siuogopi. Nautaka."

Nabhan aliacha kucheka. Yeye peke yake ndiye aliyeambiwa habari za ile sauti.

"Unadhani hatafika huko?"

"Kuna bahari," alisema Dionis.

Wiki ile alipanda basi la Nzega, kisha lori la pamba, kwenda kumuaga mama yake. Alimkuta akipalilia karanga, si mbali na pengo la tuta. Tangu mwaka ule hakuna aliyeliziba.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Umekonda. Mnakula chaki huko?"

Alimweleza habari za Glasgow. Bi Bernadeta alilirudia jina hilo polepole, kama mtu anayetafuna kitu asichokijua, akaendelea kupalilia. Jua lilikuwa utosini. Hapakuwa na upepo.

"Dionis."

Mara moja, kutoka penye pengo. Dionis alibana meno, kama alivyofunzwa.

"Abee," aliitika mama yake, bila kuinua kichwa.

"Mayu, umemwitika nani?"

"Mdogo wako. Kaniita."

"Ameniita mimi."

"Mimi nimesikia 'mayu'." Sasa alimtazama. "Kumbe na wewe unamsikia."

"Tulikatazwa kuitika."

"Tulikatazwa. Mwanangu aite, mimi nikae kimya? Nilisema kama ni kufa, na nife. Sijafa." Alikung'uta udongo kwenye jembe. "Akiitikiwa hunyamaza mpaka kesho yake. Nadhani anataka kujua kama tupo."

Dionis aliwaza miaka minane ya jina lake kuachwa hewani.

"Nenda, baba, kama ni masomo," alisema mama yake. "Lakini akikuita wewe, mimi nitamwambia uko wapi?"

Kabla ya kuondoka, Dionis alikwenda kusimama penye pengo. Alifungua kinywa aitike. Hapakuwa na wito wa kuitikia. Palikuwa na nyasi tu, na nyayo mbichi za ndama.

Aliporudi Tabora alikwenda moja kwa moja dukani.

"Nairobi," alisema. "Likizo nitakuwa nyumbani, nianze kulipima lile bonde."

"Na ile bahari yako?"

"Kuna ziwa."

"Ziwa ni dogo, mwalimu."

"Ndiyo maana."

Nabhan alitikisa kichwa, akainamia kitambaa alichokuwa akikipima. Duka likawa kimya.

"Naam," alisema Dionis.

Nabhan, ambaye hakuwa amesema neno, aliinua macho.